Baiskeli ya Kibali

Mjukuu wangu wa kike alichaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule iliyo umbali wa kilomita saba kutoka hapa nyumbani Mlali. Baba yake, mwanangu wa pili anayefanya kazi Dodoma mjini, alinipigia simu akaniambia, "Baba, nimeona baiskeli moja kubwa na ngumu. Nitamtumia binti. Ikiwa kubwa kidogo si neno, ataikulia." Nikamjibu, "Usinunue. Subiri kwanza nimpime." Akacheka sana. Tangu lini mtu akapimwa kwa ajili ya baiskeli kama anayeshonewa sare?

Sikuwa natania. Nimefundisha kwa miaka mingi, na karibu nusu ya miaka hiyo nilikuwa mwalimu mkuu. Yapo makosa niliyoyafanya katika kazi hiyo ambayo wakati wake yalionekana kuwa ni utii na uaminifu. Moja kati ya hayo lilihusu fremu ya baiskeli. Nimeona niliandike hapa pamoja na historia yake, kwa sababu bila historia msomaji kijana hataelewa ni kwa vipi watu wazima wenye akili timamu walimkabidhi mtu chombo walichojua kuwa hakimfai.

Tuanze na chombo chenyewe. Karibu kila kitu katika baiskeli chaweza kurekebishwa. Kiti hupandishwa na kushushwa, na usukani vivyo hivyo. Tairi, mnyororo, pedeli, hata rimu, vyote fundi huvitoa akatia vingine. Fremu peke yake haiongezwi wala haipunguzwi. Hiyo ndiyo mifupa ya baiskeli, na mwenye mifupa mirefu huwezi kumfanya mfupi kwa kumbadilishia viatu. Ukikosea fremu, umekosea baiskeli nzima.

Umbo la fremu tunalolijua lilitoka Uingereza. Mwaka 1885 John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo wa kuzungusha gurudumu la nyuma. Kabla ya hapo mpandaji alikaa juu ya gurudumu moja kubwa mno, na akianguka alianguka kwa kichwa. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata hataza ya tairi ya kujazwa upepo. Miaka michache baadaye mafundi walikuwa wamekubaliana juu ya fremu ya pembetatu mbili zilizoungana, na bomba la juu limelala kutoka chini ya kiti hadi shingo ya usukani. Hilo bomba la juu sisi tuliliita mtalimbo. Pembetatu haipindi kirahisi, na ndiyo maana baiskeli yenye mtalimbo hubeba gunia la mahindi isilalamike.

Wanawake wa Ulaya wa wakati huo walivaa sketi ndefu zilizofika chini, wasiweze kurusha mguu juu ya mtalimbo. Wakatengenezewa fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa waundaji walijua kwamba fremu lazima imfuate mpandaji na mavazi yake. Lakini baiskeli zilizosafirishwa kuja kwetu, nyingi zilikuwa za kiume, tena ndefu. Raleigh za Nottingham zilizofika huku zilikuwa na tairi za inchi 28 na fremu za inchi 22 au 24. Inchi hizo hupimwa kutoka katikati ya ekseli ya pedeli kupanda hadi mahali nguzo ya kiti inapoingia. Nimewahi kuzipima mwenyewe zikiwa zimesimama. Mtalimbo wa ile ya 24 uko karibu sentimita 85 kutoka ardhini, na wa ile ya 22 karibu sentimita 80. Sentimita tano ni upana wa vidole vitatu tu, lakini mbele ya mtu mfupi vidole hivyo vitatu ni ukuta.

Marehemu baba yangu alikuwa na Raleigh ya inchi 24. Aliinunua kwa mshahara wa Kongwa, wakati wa mpango wa karanga. Vijana wa leo hupita Kongwa wasijue kuwa jina la mji ule liliwahi kutajwa katika Bunge la Uingereza kwa hasira na aibu. Mwaka 1947, chini ya serikali ya Clement Attlee, Waingereza walianza kufyeka pori la Kongwa ili walime karanga za kutengenezea mafuta, kwa kuwa baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa adimu kwao. Kwa jumla walikusudia kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa katika Tanganyika. Wakaleta matrekta, mengine yakiwa yametokana na vifaru vya vita. Mizizi ya pori letu ikayavunja majembe. Udongo, ambao wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama tofali, ukaula ule uliobaki wa chuma, na mvua ikanyesha kwa desturi yake ya Ugogo, yaani pale inapopenda. Mwaka 1951 mpango ulifungwa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Walikuja na mashine kabla ya kuipima ardhi.

Baba alikuwa mtu mrefu, na Raleigh ile ilimkaa kama aliyezaliwa nayo. Mimi nilijifunza kuiendesha nikiwa na umri wa miaka tisa, baba akiwa amelala mchana. Kwa kuwa sikuweza kuvuka mtalimbo, nilipitisha mguu wa kulia ndani ya pembetatu ya fremu, mwili ukiwa umening'inia upande mmoja kama nguo kwenye kamba, nikawa nakanyaga nusu mzunguko tu. Watoto wote wa kizazi changu walijifunza hivyo. Alama iliyobaki kwenye muundi wangu inatokana na pedeli ya Raleigh ile. Tuliona fahari. Haikumjia hata mmoja wetu fikra kwamba mahali pengine duniani kulikuwa na baiskeli iliyotengenezwa kwa kipimo cha mtoto.

Naam, hapo ndipo lilipoanza jambo ninalotaka kulisema. Sisi tulizoea kwamba baiskeli ndiyo hutangulia, mpandaji akafuata. Asiyefikia alijitahidi. Mwenye miguu mifupi alifungiwa vipande vya mbao au vya tairi kuukuu juu ya pedeli ili ziwe nene zimfikie. Asiyeweza kushuka akiwa amesimama alitafuta kichuguu au jiwe la kuegemea. Fundi wa kijiji alisifiwa kwa ufundi wa kumfanya mtu aendane na chombo, wala hakuna aliyemlaumu aliyekileta.

Baada ya Uhuru zikaja Phoenix za Shanghai. Wachina walipokubali mwaka 1967 kutusaidia kujenga reli ya TAZARA, sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa fedha zilizopatikana kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu. Reli ilijengwa kuanzia mwaka 1970, ikakabidhiwa mwaka 1976, na katika miaka hiyo bidhaa za China zilienea hadi vijijini. Phoenix nayo ilikuwa nyeusi, nzito, yenye umbo lile lile la Raleigh. Baadaye tukapata na Swala, iliyotoka katika kiwanda chetu wenyewe cha baiskeli cha Dar es Salaam, nasi tukajivunia.

Wakati huo huo haja ya baiskeli iliongezeka. Operesheni Dodoma ilianza mwaka 1970, na watu waliokuwa wakiishi mbalimbali, kila mmoja na mashamba yake na zizi lake, wakakusanywa katika vijiji. Shule na zahanati zikawa karibu, nami niliyekuwa mwanafunzi wa Chuo cha Ualimu Mpwapwa wakati huo sitabeza faida hiyo. Lakini kwa wengi mashamba yakawa mbali. Aliyekuwa akitoka mlangoni na kushika jembe sasa alitembea saa moja na nusu kabla ya kulishika. Elimu ya watu wazima nayo ilitaka mwalimu afuate madarasa kwenye vitongoji.

Kisha ikaja njaa ya bidhaa. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimetukausha, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na fedha za kigeni hazikuwepo. Sabuni, sukari, khanga, betri, vyote vilitafutwa kwa foleni, na baiskeli ilipatikana kwa kibali. Kwenye kibali iliandikwa "baiskeli moja". Hapakuwa na nafasi ya kuandika ya nani, wala ya urefu gani. Ungethubutu kuuliza habari za inchi, mwenye duka angedhani huna haja nayo, na nyuma yako walikuwapo watu arobaini wenye haja.

Mwaka 1983 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi katika sehemu hizi, ambazo wakati huo zilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mpwapwa. Shule ilipata kibali cha baiskeli moja kwa ajili ya mwalimu anayesimamia madarasa ya watu wazima. Mwalimu huyo alikuwa mwanamke, mfupi wa umbo, mwenye bidii isiyo na makelele. Alikuwa akitembea kilomita tisa kwenda na tisa kurudi, mara tatu kwa wiki. Kwa kibali kingine, kiongozi mmoja wa kijiji alipata baiskeli yake siku hiyo hiyo na katika duka hilo hilo. Bwana huyo alikuwa mrefu kama mlingoti. Tulipotoka nje tukaona kuwa yeye amepewa fremu ya 22, na sisi tumepewa ya 24.

Mwalimu aliishika, akaitazama, kisha akasema kwa upole, "Mwalimu mkuu, hii ni ndefu. Nikisimama, miguu haikanyagi chini. Tumwombe mwenzetu tubadilishane? Naona hata yeye itamfaa zaidi." Yule bwana mwenyewe alikuwa tayari. Alikwisha kuishika ile ya kwetu na kuijaribu.

Mimi nikakataa.

Ili unielewe, ndugu msomaji, kumbuka mwaka wenyewe. Ilikuwa ni wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi iliyoongozwa na Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine. Watu walikamatwa kwa kukutwa na bidhaa ambazo hawakuweza kueleza walivyozipata. Usiku watu walitupa porini sabuni na vitambaa. Stakabadhi yetu ilikuwa na namba ya fremu, nami nilikuwa nimetia saini. Nilijiuliza, akija mkaguzi akakuta namba ya shule iko kwa mtu mwingine, nitasema nini? Kwa hiyo nikamwambia, "Mwalimu, kibali ni kibali. Utaizoea." Akanyamaza. Akasema, "Haya, mwalimu mkuu." Akaisukuma mpaka nyumbani.

Aliizoea kwa muda wa wiki sita. Fundi alishusha kiti mpaka kikagota kwenye fremu, na akafunga mbao kwenye pedeli. Lakini mtalimbo haukushuka. Kila aliposimama ilimbidi aruke pembeni, huku akizuia kitenge kisinase. Jioni moja, akirudi, alishuka kwenye korongo la mchanga, gurudumu la mbele likazama, baiskeli ikasimama ghafla. Mpandaji mwenye fremu inayomfaa hutua miguu chini, mambo yakaisha. Yeye miguu haikukuta ardhi. Alianguka pamoja na baiskeli, mkono wa kulia ukiwa chini, na mfupa wa kifundo ukavunjika. Alilala pale korongoni mpaka wachunga ng'ombe walipomkuta.

Mfupa uliunga, lakini uliunga vibaya. Kidole gumba na cha shahada havikurudi kushika chaki kama zamani. Alijifundisha kuandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, na kwa miezi kadhaa herufi zake zilikuwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Wanafunzi walicheka. Niliwachapa waliocheka, kana kwamba wao ndio waliokataa kubadilishana baiskeli.

Hakuna mkaguzi aliyewahi kuja kutazama namba ya fremu.

Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na miaka iliyofuata mambo yakafunguka. Zikaja Hero na Avon za Ludhiana, India, na Phoenix zikarudi madukani bila kibali. Baadaye sana zikaja zile zilizokwisha kutumika Japani, nyingi zikiwa na bomba la juu lililoshuka, kikapu mbele na tairi ndogo za inchi 26 au 27. Mwanzoni wanaume walizidharau wakiziita za kike. Leo mzee mwenye magoti mabovu huzitafuta kwanza. Hata sasa, pikipiki zilipojaa barabarani, baiskeli ndiyo bado inayobeba maji, kuni na wanafunzi. Tofauti ni kwamba sasa mtu anaweza kuchagua, na wengi wetu hatujui kuchagua, kwa kuwa mazoea ya kibali yametubaki kichwani. Mwanangu aliposema "ataikulia," nilijisikia mwenyewe nikisema "utaizoea."

Basi nilimpima mjukuu hivi. Alisimama bila viatu, mgongo ukutani, akabana kitabu kigumu katikati ya miguu, ubapa wake wa juu ukiwa umepandishwa mpaka mwisho, nami nikapima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Nikapata sentimita 74. Mtalimbo lazima uwe chini ya kipimo hicho kwa vidole viwili au vitatu, hasa kwenye barabara zetu za mchanga na makorongo, ambako mtu hushuka ghafla. Kwa hiyo ya 24 haikufaa, na ya 22 haikufaa. Hesabu ya kiti ni nyingine. Mwaka 1967 watafiti wawili, Hamley na Thomas, walichapisha kuwa kiti kikae juu ya pedeli iliyo chini kabisa kwa asilimia 109 ya urefu wa mguu. Kwa mjukuu wangu ni sentimita 81 kasoro kidogo. Asiyependa hesabu akae kitini, aweke kisigino kwenye pedeli ya chini. Goti likinyooka bila nyonga kuinama upande, basi hapo ndipo. Kwa urefu wa mbele, wazee wa gereji huweka kiwiko kwenye ncha ya kiti na kunyoosha mkono. Vidole vikikaribia usukani, mgongo hautalalamika.

Baada ya hapo mtu atazame kazi ya baiskeli. Fremu yenye bomba lililoshuka ni rahisi kupanda na kushuka, ila hupinda mapema ikitwishwa magunia, kwa sababu imepoteza pembetatu yake. Kwa anayebeba mizigo, mtalimbo una faida, mradi usimzidi. Mjukuu wangu hubeba madaftari na dumu dogo la maji. Tulikwenda Kibaigwa, tukajaribu nne, tukachukua iliyotumika Japani, yenye bomba la kushuka. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko ile "kubwa na ngumu."

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kumwona yule mwalimu, ambaye naye ni mstaafu. Nilimweleza habari ya mjukuu, kisha nikamwomba radhi kwa jambo la mwaka 1983. Ilikuwa ni mara ya kwanza kulitaja. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mwalimu mkuu, korongo lile ni baya. Hata ile ndogo ingeniangusha." Kisha akaenda kunipikia chai, akiishika birika kwa mkono wa kushoto.

Sijui kama alisema hivyo kwa kuwa ndivyo anavyoamini, au kwa kuwa ni mtu mwungwana na mimi ni mzee niliyekwenda nyumbani kwake. Ninachojua ni kwamba ile ndogo ingemruhusu kukanyaga chini, na kwamba siku ile mbele ya duka palikuwa na watu watatu, nao wawili walikuwa wameona lililo sawa. Wa tatu ndiye aliyekuwa na mamlaka, naye alikuwa akitazama karatasi.

Wewe unayetaka kumnunulia mtu baiskeli, iwe ni mtoto, mke au mfanyakazi, mwite kwanza asimame ukutani. Tafuta kitabu na futi kamba. Haitakuchukua dakika tano.